Bakuli la Watu

Katika familia yetu mimi ndiye mbea mwenye kalamu. Wadogo zangu wakiona namba yangu inaita wanajua nataka kuuliza habari za wafu. Nilianza baada ya kustaafu ualimu, mchezo tu, nikaishia kubandika karatasi za manila ukuta mzima wa sebule yetu hapa Mbagala: mababu juu, sisi katikati, wajukuu chini karibu na soketi ya friji. Nilijivuna, nisiseme uongo.

Siku nilipomaliza nilimkalisha mama mbele ya ukuta nikamsomea mtu mmoja mmoja, maana macho yake siku hizi hayaoni maandishi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayupo."

"Nani tena, mama?"

"Aliyeninyonyesha."

Kwamba bibi yangu alifariki siku alipomzaa mama, hilo nilikuwa nalo, nimeliandika kwa wino mwekundu. Kwamba kichanga kile kilibaki na njaa yake, na kuna mtu alikishibisha, halikunipitia akilini hata mara moja. Mwalimu mzima!

"Mie niliambiwa jirani tu," mama akasema. "Baba hakupenda kuulizwa habari za msiba ule. Lakini nikifa leo nikakutana na mama yule huko, nitamwambia nini? Kwamba umri wote huu sikumtafuta hata mwanawe nikampa asante?"

Kuanzia hapo haukuwa mchezo tena. Nilikwenda Buguruni kwa mama mkubwa, dada yake mama, nikamkuta anachambua mchele. Nikampa shikamoo yake na lawama juu: mara ngapi nimekaa kwenye mkeka huu kuuliza habari za ukoo, na hili kanificha?

"Sijakuficha. We kila ukija unauliza nani kamzaa nani. Ushawahi kuniuliza nani kamnyonyesha nani?"

Kwetu mtoto akinyonyeshwa na mwanamke amekuwa mwanawe, na watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake, hawaoani mpaka kiama. Nalijua hilo tangu udogoni, nimeshaliona likivunja posa ya watu. Na bado nilichora ukoo wa damu tupu.

Mama mkubwa akaniambia walikuwa wapangaji wa chumba cha uani, watu wa bara, Wakristo, mume askari magereza. Mke alikuwa na binti mchanga. Siku ile ile ya msiba aliingia bila kuitwa, akampokea mama yangu mikononi mwa babu, akakaa kitako katikati ya waliokuwa wakilia, akamnyonyesha.

"Huku wake, huku wetu," mama mkubwa alisema, akinionyesha kifuani kwa mikono miwili yenye vumbi la mchele. "Wamekuwa hivyo mpaka wote wanatembea. Ndo mume akahamishiwa Ukonga. Siku wanahama yule mama akatuletea chakula kwenye bakuli lake. Baba akasema bakuli la watu halirudi tupu, nitalipeleka Iddi na pilau. Iddi imefika, hana kitu. Ijayo, vilevile. Kaona aibu, mpaka kafa."

Bakuli hilo nalijua! Limo kabatini kwetu tangu sijazaliwa, la bati, jeupe, mdomo wa bluu, na hatukuruhusiwa hata kulinywea uji. "Liacheni, la watu hilo," babu alikuwa akisema, na baada yake mama, na katika nyumba nzima hakuna aliyeuliza watu gani. Miaka niliyozunguka kutafuta mababu, nimekuwa nikifungua kabati lile kila siku kutoa sukari.

Nyumbani nililigeuza. Chini kulikuwa na mikwaruzo mitatu ya msumari na msalaba mdogo, alama kama anazoweka kila mwanamke ili vyombo vyake visipotelee kwenye shughuli za watu.

Jumapili nilikwenda nalo Ukonga, nikasubiri watu watoke kanisani. Akina mama niliowafuata walidhani nauza vyombo. Mmoja wao akalipindua, akapitisha kidole. "Masufuria tunayoazima kwenye shughuli yana alama hii," akasema, akanielekeza nyumba yenye geti la kijani. Nilifika mpaka getini nikasita. Mlango ule haukuwa wangu kuugonga. Nikarudi Mbagala kumwambia mama.

Alipika pilau mwenyewe, kwa kupapasa, na hakutaka niguse hata kitunguu. Akaipakua kwenye bakuli lile, tukaenda nalo Ukonga.

Aliyetufungulia alikuwa bibi mnene wa umri wa mama, kanga kiunoni. Hatukuwahi hata kujieleza. Aliliona bakuli, akaingiza vidole chini yake, akaikuta mikwaruzo. Halafu akapiga ukelele.

"Mnalo nyie! Nilipokua nilichapwa kwa ajili ya bakuli hili! Kumbe mama alisahau kawaachia nyie; mpaka anaingia kaburini anasema mimi ndo nimelipoteza!"

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Nisamehe, dada. Nilikunyang'anya ziwa, nikakuchapisha na fimbo."

Yule bibi akamwambia, "Ni wewe. Mama alikuwa akisema mie nina pacha, amemwacha mjini." Akamshika mkono, wakaingia ndani, wakanisahau na pilau yangu mlangoni.

Nilikaa pembeni nikiwatazama wazee wawili wakilishana pilau kwa mkono, na niliogopa, kwa namna mtu anavyoogopa akiwa msikitini peke yake. Mwanamke mmoja, ambaye hakuwa na chochote kwetu, alikuwa ameamua. Kutokana na uamuzi ule mama yupo, mimi nipo, na wote wale wa chini karibu na soketi ya friji wapo. Mama alitoa asante yake, akaitoa tena, na kila mara mwenzake akamwambia ale.

Tulipoaga, bibi alitoka jikoni na bakuli lile lile, limeoshwa, limejaa makande ya moto.

"Lakini hili ni lenu," nikasema.

"Ndo mlirudishe. Na msikae nalo tena."

Garini mama alilipakata kwa mikono yote miwili. Kwenye tuta la kwanza akanigombeza.

"Taratibu wewe! Utamwaga makande ya pacha wangu."