Tepu Iliyompima Abati

Mimi uongo huusema siku za baridi tu, na leo jua limewaka Yeoville nzima, kitongoji hiki chetu sisi wahamiaji, basi niaminini.

Emery, fundi cherehani wa mtaa wa Rockey, mtu wa Bukavu, hakuwahi kuonekana bila tepu ya kupimia shingoni. Kanisani nayo, msibani nayo. Ukipita mlangoni pake anakutupia jicho moja tu: "Bibi Mayasa, kiuno imeongezeka." Nami humjibu, "Kinanenepa kwa wivu wa mkeo."

Padre wa parokia yao, Mtaliano mfupi, mnene kama pipa la maji, alitaka kupeleka zawadi ya makanzu ya kitenge kwenye monasteri ya milimani kwao. Akamchukua Emery ili awarekebishie wamonaki hukohuko. Aliporudi, hatukupumua kwa simulizi.

Nyumba ya mawe, alisema, kongwe kuliko koo zetu zote. Katikati ua wa mraba wenye kisima. Pande zote nne baraza la matao, kila tao limebebwa na nguzo pacha, wala hakuna nguzo inayofanana na nyingine: hii imesokotwa kama nywele za saluni, ile imechongwa uso wa mtu anayekenua. Ukitembea barazani, mwanga na kivuli vinakupitia kama mishono. Sasa fundi atazame tu? Akatoa tepu, akapima nguzo, akapima matao, wamonaki wakimcheka kwa upole.

Kanisani mwao dari limejikunja kama mbavu za nyangumi, na mna ubaridi usiotoka. Sakafuni amelala mtu wa jiwe, mrefu, mwembamba, mikono kaipishanisha kifuani. Joho lake lina mikunjo ambayo Emery hajaiona kwa mshonaji yeyote aliye hai. Akapiga magoti akampima bega, mkono, urefu. Wamonaki wakaacha kucheka. Mmoja akamwambia kuwa chini ya jiwe lile yumo abati, mkuu wao wa zamani, na jiwe limechongwa kwa kipimo chake hasa.

Emery akairudisha tepu shingoni.

Hayo alinihadithia huku anampima bintiye Héritière gauni la arusi, nami nimekuja kupunguziwa dera. Nikainuka kitini.

"Baba Héritière, tepu hiyo imepima maiti. Kwetu Tanga kamba iliyopima maiti huachwa naye kaburini. Haimpimi mzima."

"Bibi, ile ni jiwe. Jiwe haifi."

"Na aliye chini yake?"

Akacheka, akaendelea kuandika vipimo ukutani kwa chaki.

Gauni likatoka refu, la kuburuta. Akapima upya, akakata kitambaa kingine. Likatoka vilevile. Héritière, msichana asiyenifika begani, akaanza kuvaa sweta Desemba, katikati ya joto la huku.

"Eish, Papa, nasikia baridi," alisema. "Inapanda kutoka miguuni."

Siku alipolijaribu tena, gauni halikuburuta. Lilimkaa sawasawa. Sketi aliyoivua ilikuwa imempanda juu ya magoti, na aliposimama karibu yangu, ilinibidi niinue uso kumtazama. Tepu haikuwa imekosea. Ilikuwa inamngoja. Akajinyoosha kwenye benchi apumzike, na mikono yake ikajipishanisha kifuani yenyewe.

Emery akaivua tepu.

Lakini kaburi liko Italia, na visa haiombwi kwa ajili ya tepu. Bahati Padre alikuwa anakwenda likizo. Emery akamsihi aiweke juu ya lile jiwe aiache hapo.

"Emery, wewe na hawa bibi zako," Padre alisema. Akaitundika shingoni isipotee.

"Padre, ibebe mkononi," nikamwambia.

Akanikonyeza, akaingia garini.

Héritière akavua sweta, na ule urefu wa ziada ukarudi ulikotoka. Gauni jipya nililipima mimi kwa shubiri zangu. Mkono mmoja ulizidi mwingine, nikapiga vigelegele mtu asitazame. Ameolewa.

Juzi Padre alipiga simu, Emery akaiweka kwa sauti kubwa.

"Emery, kanzu uliyonishonea imefika magotini. Kitambaa gani hiki?"

"Padre, tepu umeiacha kwenye jiwe?"

Tukasikia meno yakigongana.

"Nitaiacha kesho. Iko hapa shingoni, inanipa joto kidogo. Kuna baridi huku, Emery. Inapanda kutoka miguuni."