Miaka Sita Isiyoandikwa

Juzi, katika ofisi moja ya bima Changamwe nilimokuwa nikijaza fomu, msichana aliyerithi gari la babake aliomba punguzo wanalopewa madereva wasiowahi kudai fidia.

"Miaka sita niliendesha mimi, wallahi. Hata mkwaruzo hakuna."

"Bima ilikuwa ya marehemu, mwanangu," karani akajibu, kidole juu ya fomu. "Aliandika anaendesha yeye peke yake, akalipa bei nafuu ya madereva wazee."

"Baba alikuwa haoni!"

Karani akaweka kalamu chini. "Basi niandike alidanganya?"

Msichana aliizungusha ncha ya mtandio kidoleni. "Andika mimi sijawahi kuendesha."

Akatozwa bei kamili ya dereva mpya.

Maisha yangu yote darasani nimewaambia watoto kuwa ukweli haugharimu kitu. Juzi nilijifanya nasoma fomu yangu.