Kamera za Chumba Namba Sita

Fundi Waya alikuwa na sharti moja katika kazi yake: kamera iliyofungwa chumbani anamolala mtu, hata iwe kwa mzaha, aifungue kwa mkono wake kabla hajaondoka. Kwa miaka kumi na moja alifunga kamera kwenye maghala, maduka na mageti, na sharti hilo halikumpa shida, maana hakuna aliyewahi kumpeleka chumbani.

Ndipo wakaja watu wa filamu. Filamu yao ya kutisha, ya mwenye nyumba anayewachungulia wapangaji wake, ilikuwa imetazamwa sana, na sasa walitaka sehemu ya pili. Walikodi chumba namba sita katika nyumba ya wageni karibu na stendi. Mwongozaji hakutaka kamera za maboksi. Alitaka za kweli, zinazorekodi. Fundi akaficha moja ndani ya saa ya ukutani na nyingine nyuma ya soketi, akaziba kwa lipu na rangi mpaka yeye mwenyewe, akirudi nyuma hatua tatu, hakuiona kazi yake.

"Fundi, wewe mchawi," akasema mwenye nyumba ya wageni.

"Mchawi gani anapanda ngazi kwa kuomba ashikiwe?"

Wakacheka wote.

Upigaji ulipoisha, fundi alirudi na bisibisi yake. Mwongozaji akamzuia mlangoni.

"Ziache kwanza, kaka. Kuna vipande huenda tukavirudia wiki ijayo. Ukibandua hiyo rangi, chumba hakitafanana tena."

"Na wageni je?"

"Chumba nakifunga," mwenye nyumba akadakia. "Ufunguo ninao mimi. Au huniamini?"

Fundi aliona haya kusema kwamba hamwamini. Tena lipu ile ilikuwa imemtoa jasho, na kuibomoa kulimuuma. Akarudisha bisibisi mfukoni. Watu wa filamu hawakurudi, na yeye hakwenda kuuliza.

Miezi miwili baadaye dada yake mdogo, mwalimu wa chekechea, alikuja kwa semina ya siku nne. Nyumbani kwa fundi watoto wote walikuwa wamelala na surua. Akampigia simu mwenye nyumba ya wageni.

"Mlete," akaambiwa. "Dada yako ni dada yangu."

Hakuuliza atalala chumba gani. Kwake namba sita ilikuwa kazi iliyokwisha.

Haukupita mwezi, dada yake akaja tena, safari hii bila begi. Alikaa ukingoni mwa kiti, simu ameibana kwa mikono miwili.

"Kaka, kuna video yangu. Nabadilisha nguo. Nimeonyeshwa na mama wa mtoto ninayemfundisha."

Fundi akanyoosha mkono. Dada akaivuta simu kifuani.

"Wewe usiione. Niambie tu, maana hii ndiyo kazi yako. Inaonekana kutoka juu ukutani. Alijificha wapi huyo mtu?"

Angeweza kusema hajui. Alifungua mdomo aseme hivyo.

"Ndani ya saa," akasema.

"Umejuaje?"

Dada alimtazama mpaka jibu likamfikia lenyewe.

Walikwenda kituo cha polisi siku hiyohiyo, kila mmoja upande wake wa barabara. Fundi alieleza yote, hakujikinga kwa neno hata moja, nami simsifu kwa hilo; kusema ukweli baada ya mtu kuvuliwa utu ni kuchelewa. Askari walipofika namba sita walikuta saa mpya na ukuta uliopakwa rangi upya kuanzia darini hadi sakafuni.

"Kamera gani?" mwenye nyumba akauliza. "Filamu ilipigwa hapa, ndiyo. Kuhusu waya, mwulizeni huyu. Mimi ni mtu wa vitanda na mashuka."

Simu ya mwongozaji ilikuwa haipatikani. Video haikuonyesha aliyeirekodi; ushahidi pekee uliobaki ulikuwa maelezo ya fundi, na yalimtaja fundi. Akashtakiwa peke yake.

Shuleni dada yake aliambiwa apumzike kidogo. Hakuitwa tena. Alibadilisha namba ya simu mara mbili, na mara zote mbili video ilimfuata kwenye namba mpya, ikitoka kwa watu asiowajua. Mara ya tatu hakununua laini.

Fundi alifungwa miezi minane. Dada hakuja kumwona, na alipotoka hakumfungulia mlango. Video bado inapita mikononi mwa watu, na hakuna anayeweza kuifuta. Dada alipoteza kazi na jina lake. Kaka alipoteza dada.