Kitanda Tulichowafunikia Sungura

Sikusimuliwa na mtu kisa hiki, wala sikukisoma kwenye simu. Kilinipata mimi mwenyewe, uani kwetu hapa Kariakoo, mwezi wa Ramadhani, jua likiwa bado halijazama. Ukitaka kucheka, cheka. Nimeshachekwa na wanaojua kucheka kuliko wewe.

Nyumba tunayopanga ni ya zamani, ya chini, imebanwa na maghorofa pande zote. Wapangaji tunachangia ua mmoja, na mlango wa uani haufungwi mpaka watu walale. Anayeingia anapiga hodi, aliye jirani anajibu "karibu" bila hata kuinua macho. Leo mgeni wa huyu, kesho mjomba wa yule, utawachunguza wangapi? Mimi wananiita Mama Nasra, kwa jina la mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne.

Sungura tulipewa na Mama Hansa, jirani yetu Mhindi anayekaa ghorofa la ng'ambo. Kibaraza chake kinatazama ua wetu moja kwa moja. Walikuwa wawili, Pamba mweupe na Jivu wa kijivu, na alituwekea masharti: wasifungiwe kwenye boksi kutwa nzima, watolewe wakimbie, ila si kwenye jua la mchana, na wasiachwe nje bila kifuniko.

"Kunguru wa Dar unawajua," aliniambia. "Wataanza na macho."

Nawajua sana. Kunguru hawa wanakunyang'anya kipande cha samaki sahani ikiwa mkononi mwako. Siku ya kwanza kuwatoa wale sungura, kunguru walijipanga juu ya bati wakingoja. Nikaona nitafute kitu cha kuwafunikia, kigumu lakini kinachopitisha hewa.

Wiki hiyohiyo nyumba ya pili kutoka kwetu ilikuwa inabomolewa ipandishwe ghorofa. Wabeba mizigo walikuwa wanapakia vitu kwenye mkokoteni, na juu kabisa kulikuwa na kitanda cha mtoto mchanga, cha mbao, chenye fito pande zote. Nilipokitazama tu, mmoja akanishushia. "Chukua mama, sisi tunaenda kukitupa." Nikajitwisha, nikarudi nacho nyumbani nimefurahi kweli.

Nilikipindua miguu juu. Chaga zikawa paa, fito zikawa ukuta. Sungura wakawa wanakula mchicha humo na kufukua udongo karibu na bomba, kunguru juu wanadonoa mbao kwa hasira. Kilikuwa chepesi, hata Nasra aliweza kukiinua upande mmoja akajipenyeza kulala na wenzake. Niamini, nilijiona mtu mwenye akili.

Jioni ya siku yenyewe nilikuwa nakaanga sambusa za futari. Mnajua hali ya uani dakika hizo, kila mmoja kajiinamia jikoni kwake, midomo imekauka, hakuna anayetaka maneno. Nasra alikuwa nyuma yangu, chini ya kitanda na sungura. Nikasikia kishindo kidogo, du, du, du. Sungura akiingiwa na hofu hupiga chini mguu wa nyuma, Mama Hansa alikwishanieleza hilo. Nilisikia, nikasema moyoni kuwa wanacheza.

"Hodi," ikaita sauti ya mwanamke.

"Karibu," nikajibu, macho kwenye mafuta.

Akapita nyuma yangu. Nikanusa poda, ile wanayopakwa watoto wachanga.

"Naomba nimpakate mtoto kidogo, wewe umalize kazi yako."

"Haya dada, mpakate tu."

Niambieni, nani angejibu vingine? Watoto wa uani wanapita mikononi mwa kila mtu, na mafuta ya moto yapo hapo. Mtu akikushikia mwana, unashukuru. Nikaendelea kugeuza sambusa.

Kilichonigeuza ni sauti ya Mama Hansa kutoka juu. Ilikuwa inatetemeka.

"Mama Nasra. Mtoto wako amekaa juu ya nini?"

Nikageuka. Kitanda kilikuwa kimesimama wima sawasawa, miguu chini. Kando yake alikuwapo Nasra, amekaa hewani upandeupande, kichwa kimeegama, macho yanafumba kwa usingizi. Miguu yake ilikuwa inaning'inia bila kugusa chini. Alikuwa anabembezwa, huku na huku, polepole. Na hapakuwa na mtu aliyempakata.

Sijui nilifikaje pale. Nilimshika mwanangu kiunoni nikavuta, akagoma kuja, kwa sababu alikuwa ameshikwa. Niliigusa ile mikono. Ilikuwa miembamba na ya baridi, imemzunguka jinsi mama yeyote anavyomzungushia mwanawe.

"Umenipa mwenyewe," sauti ikaniambia sikioni, kwa upole kabisa.

Nikalia. Nikasema, "Nirudishie mwanangu, dada. Nakuomba." Mara uzito wote wa mtoto ukaniangukia kifuani. Adhana ikaanza. Hakuna aliyenyanyua tende.

Mama Hansa aliteremka pekupeku. Alipokiona kile kitanda kimesimama vizuri, na bata waliochorwa kwenye ubao wake wa mbele, akajishika mdomo. Kutoka kule kibarazani kwake, kikiwa kimepinduliwa, hakuwahi kukitambua. Kilikuwa cha mwanamke aliyepanga ile nyumba iliyobomolewa, akasema. Mtoto wake alifia humo, usingizini, na mama mtu hakukaa sana akamfuata. Ndugu wakafungia vitu vyao chumba cha nyuma, na hapo vikabaki.

Kitanda tulikichoma usiku uleule. Pamba tulimkuta amekufa kwa hofu, hana hata mkwaruzo. Watu waliniambia nimeota, maana mashetani hufungwa Ramadhani. Sawa, wamefungwa. Yule hakuwa shetani, alikuwa mama wa mtu.

Asubuhi Nasra aliamka mzima. Akanitazama kitambo, akasema kwa adabu, "Shikamoo, Mama Nasra."

Nilidhani anatania. Sasa yuko darasa la kwanza, na hajaniita mama tena. Baba yake anamwita baba kama kawaida. Mimi ni Mama Nasra, kama ninavyoitwa na majirani, na kila ninapompa chakula ananishukuru jinsi mgeni anavyomshukuru mwenyeji. Nimekwenda kwa masheikh, nimekwenda hospitali. Inaniuma mpaka basi.

Kwa hiyo ukiwa na sungura watoe wacheze, wanahitaji. Lakini wafunikie wavu mpya kutoka dukani, usiokote kitu ambacho hujui nani alikilalia. Na mtu akiomba akupakatie mtoto, epua sufuria, geuka, mtazame usoni kwanza.

Jua likianza kuzama, Nasra anaacha kucheza na Jivu, anakwenda kusimama mlangoni pa uani. Mimi sisikii hodi yoyote. Yeye anasikia.

"Mama Nasra," ananiambia, "mama amekuja. Nimkaribishe?"

Kila jioni namjibu hapana, na ananitii. Ninachokiogopa ni jioni atakayoacha kuniuliza.