Ngozi ya Kubebea Mtoto

Juma lililopita, tulipotoka tu Maganzo, basi letu kuukuu la Shinyanga lilianza kugonga mbele: ngo, ngo, kila tulipopita shimo. Dereva akatushusha. Akatikisa magurudumu, hayakuwa yamelegea. Akakandamiza bampa kwa uzito wake wote. Sauti ikatoka kushoto.

"Bapa la springi limevunjika," alisema. "Nani ana ngozi nilifunge?"

Mama mmoja, aliyekuwa akimpeleka mwanawe hospitali, alifungua ngozi aliyombebea mgongoni. Mtoto alikuwa na homa kali, na tangu asubuhi hakuwa amelia. Dereva akaikata mikanda, akailoweka, akaikaza kwenye springi.

"Twende, baba!" mama alimhimiza dereva.

"Bado mbichi, mama. Ikikauka ndipo itabana. Tukiondoka sasa italegea."

"Dereva, unaanika mboga?" mchuuzi mmoja alidhihaki. Hakuna aliyecheka. Mama aligusa ngozi, kisha paji la mtoto, kisha ngozi tena.

Hatimaye tulipoondoka, sote tulitega masikio mbele. Kimya. Ndipo tukaanza kuogopa kimya cha mtoto, hadi karibu na mji alipopiga yowe. Nimelalamikia vilio vya watoto safarini miaka mingi. Hicho niliomba kisikome.