Senti Chini ya Lami

Normand Cyr alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyeuweza: kila alipopanda juu ya paa la mtu, lazima amseme vibaya fundi aliyemtangulia. Asubuhi ile ya Septemba mguu wake mmoja ulikuwa bado kwenye ngazi, na tayari alishaanza.

"Bi Rosalma, hii si kazi, hii ni dhambi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mzee Alcide angejifunza kuoka mikate tu. Hili zege lake lingefaa kuchovya kwenye chai."

"Usinitajie huyo mtu," alijibu Rosalma Pelletier kutoka uani. "Bomoa, ushuke, unywe kahawa."

Rosalma alikuwa mjane wa miaka sabini na tisa, mikono imezama mifukoni mwa koti la marehemu mumewe. Alisimama pale kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake mwisho wa taji lile. Taji ndilo bamba la zege linalofunika kichwa cha dohani, ule mnara wa matofali wa kutolea moshi, na katika bonde lao la mpakani na Kanada, ambako theluji hulala miezi mitano na kila nyumba ina jiko la kuni, taji bovu halina mzaha. Maji huingia kwenye ufa, yanaganda, yanavimba, yanapasua, na mwaka wa pili yanapata njia pana zaidi. Kwa Rosalma yalikuwa yameingia miaka kumi na moja. Karatasi za ukuta chumbani juu zilibambuka, boriti ikaoza, na Jumapili iliyopita kipande cha dari kikaangukia kitanda chake wakati yeye yuko kanisani.

Hayo ya maji alishayazoea. Kilichomkaa rohoni ni Alcide Daigle. Alcide ndiye aliyeijenga dohani ile, mji mzima unajua. Tena ndiye aliyekuwa mwenzake wa karata kila Alhamisi tangu wote wawili wafiwe, hata majirani wakaanza kuwatania kwamba padri ajiandae. Dari lilipoanza kuvuja, miaka ile kumi na moja nyuma, Normand aliitwa kutazama. Alisimama uani, akakinga macho kwa kiganja, na bila kukanyaga hata kipago kimoja cha ngazi akakata hukumu: taji limekufa, kazi ya Alcide hiyo. Rosalma akaamini. Jumapili iliyofuata akamwambia Alcide mbele ya mlango wa kanisa, watu wakisikia, kwamba mikono yake haifai hata kukanda unga. Tangu hapo hawakusalimiana tena, na hakuna aliyempa Alcide dohani nyingine. Kazi zote zikamfuata Normand. Sisemi alipanga iwe hivyo. Ni mdomo tu, lakini mdomo nao una mwenyewe.

Basi Normand akapiga magoti kwenye jukwaa alilolifunga kuizunguka dohani, akachukua tindo na nyundo. Juu ya taji palikuwa na lami nene nyeusi, maana mpwa wa Rosalma alikuwa akiipaka kila vuli kuziba ufa, kukwepa gharama ya taji jipya. Normand alimcheka na mpwa pia. Lami ikatoka vipande vipande. Chini yake hapakuwa na zege hata kidogo. Palikuwa na mota ya kujengea matofali, imepakwa nyembamba, imeishia sawasawa na ukuta, bila ukingo wa kutokeza nje ambao ungeyadondosha maji mbali na matofali. Mota ya masalia, ile inayobaki kwenye karai jioni, fundi mvivu akaona hasara kuimwaga.

"Mungu wangu," alisema kwa furaha. "Bi Rosalma, ni masalia! Amekufunika kwa masalia!"

Akapiga tena kwenye pembe inayotazama mto. Kipande cha mwisho cha lami kikabanduka, na kitu kidogo chekundu kikang'aa.

Mafundi wa bonde lile hawaandiki majina. Kila ukoo huacha alama yake kwenye taji likiwa bado bichi. Alcide alikuwa akizamisha msumari wa kwato za farasi. Akina Cyr, tangu babu, huweka senti moja ya mwaka ule ule, kwenye pembe ya mto, kichwa kikitazama chini. Normand aliing'oa ile senti kwa kucha. Akaigeuza. Ilikuwa imeandikwa 1988.

Aliitazama, akatazama mto, akaitazama tena kana kwamba mwaka ungebadilika. Baba yake alikuwa fundi wa kusifiwa, asingeweka masalia hata kwenye banda la kuku. Na mwaka ule wa 1988 baba yake hakupanda paa lolote tangu Agosti, maana alivunjika mguu. Aliyepanda alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa.

Yote yakamrudia kwa mkupuo mmoja. Alcide alikuwa kusini, akitafuta kazi. Radi ikapiga dohani ya Fernand Pelletier, mume wa Rosalma, ikapasua taji, na Fernand akaja kwao kuomba msaada. Rosalma alikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Kanada, akimuuguza mama yake. Ilikuwa wiki ya kuvuna viazi, Jumamosi, na ukumbini kulikuwa na dansi. Normand alikuwa na karai lenye masalia ya kazi nyingine. Alimaliza kwa nusu saa. Senti hakusahau, maana senti ilimpa sifa. Kazi yenyewe ndiyo aliyoisahau, akaisahau kabisa, kwa miaka ishirini na minane.

"Umenyamaza," Rosalma aliita. "Wewe ukinyamaza ujue kuna maiti. Umeona nini?"

Paa lilikuwa na mfereji wa mvua, na mfereji ulikuwa hatua mbili tu kutoka mkononi mwake. Senti ni kitu kidogo sana. Baba yake alikufa, Fernand alikufa, na Alcide alikuwa na miaka themanini na minne. Normand aliunyoosha mkono wenye ile senti kuelekea mfereji, na mkono ukakaa hivyo hewani muda mrefu. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Kisha akaifumbata senti, akashuka.

Alimwambia uani palepale, akiwa ameinamisha kichwa, na aliyasema yote, hata dansi. Rosalma alimsikiliza bila kupepesa macho.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

"Wewe?"

"Mimi, Bi Rosalma."

"Miaka kumi na moja umekula chapati zangu za ploye mezani kwangu ukimcheka yule mzee. Na mimi nakuongezea siagi."

"Ndiyo, mama."

Rosalma alikalia ndoo iliyopinduliwa. Kisha akasimama mwenyewe.

"Washa gari," alisema.

Alcide alifungua mlango akiwa na kisu cha kumenyea viazi. Alimtazama Rosalma, akamtazama Normand, akaona kiganja kilichofunguliwa na senti katikati yake. Hakushtuka. Hapo ndipo Rosalma alipopigwa na butwaa la pili, kubwa kuliko la kwanza.

"Ulijua," alisema.

"Nilipanda," alisema Alcide. "Jumatatu ile, baada ya yale ya kanisani. Nilitaka nione nimekosea wapi, maana nilikuwa sipati usingizi. Lami haikuwepo bado. Nikaiona senti yao pembeni."

"Mbona hukusema, Alcide? Mbona uliniacha?"

"Nilishuka nije nikwambie. Nikagonga mlango wako mara tatu."

Rosalma alikumbuka. Alikuwa jikoni, akamwona dirishani ameshika kofia mkononi, akadhani amekuja kuomba msamaha.

"Niliongeza sauti ya redio," alisema taratibu.

"Uliongeza," alisema Alcide. "Nikasema basi, huyu ameshaamua. Na huyu hapa angesema nimeipandikiza mwenyewe."

Ni kweli Normand angesema hivyo, tena kwa sauti.

"Mzee Alcide, nitazunguka mji mzima nikitubu."

"Anza na kazi. Taji jipya unamwaga lini?"

"Kesho, mvua isiponyesha."

"Zege, si takataka. Ukingo utokeze vidole vitatu. Na uache upenyo kuzunguka bomba la ndani, lipate pa kutanukia moto ukikolea."

"Ndiyo, Mzee."

Rosalma hakuwa akiwasikia. Alikuwa ametazama ukutani, juu ya meza. Kile kibao cheusi cha kuandikia pointi kilikuwa kingali kimening'inia, na majina yao mawili yalikuwa hapo kwa chaki, na chini yake pointi za Alhamisi ile ya mwisho. Hakuna aliyezifuta. Alcide akayafuata macho yake.

"Ilikuwa zamu yako kugawa," alisema.

Rosalma alikaa bila kuvua koti. Alcide akamsogezea karata, naye alipozishika zikamponyoka, zote zikamwagika sakafuni. Normand akapiga magoti kuziokota, moja moja, akamrudishia Rosalma agawe.