Matawi ya Mlangoni

Wakati wa kufungiwa kwa korona, mjukuu wangu alitundika mifupa ya plastiki mlangoni kwetu huku ughaibuni, Toongabbie. Nikamfokea.

"Babu, ni pambo tu la Halloween, sikukuu ya kutishana kwa mizuka!"

Pambo. Utotoni niliona matawi ya mchikichi yamesimamishwa kwa jirani, nikadhani ni ya harusi, kumbe ni alama ya msiba. Niling'oa mawili, bado yananukia utomvu, nikapamba mlango wetu.

Alasiri baba akarudi kutoka safari. Alipoyaona alitupa mzigo, akaanguka chini akiliita jina la mama.

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga. "Wee mume wangu, unalilia nani?"

Mimi nikacheka.

Sikusoma, nyumba hii nimeijenga mwenyewe, na siogopi mtu. Lakini kicheko kile kinaniaibisha mpaka leo.

Mifupa niliishusha kabla mwanangu hajafika kutoka kazini.